Nani Ameshika Usukani?

Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mpanda



Kamati iliniagiza nizungumze juu ya kazi yangu, nayo ni ufundi wa ndege. Wengi wenu mnajua kwamba mimi si rubani. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikagua na kupima vyombo vinavyouunganisha mkono wa rubani na mabawa na mkia wa ndege: nyaya, fito, puli, na siku hizi mikondo ya umeme. Leo nitasema juu ya jambo moja tu. Katika ndege ya abiria wanakaa marubani wawili mbele, na kila mmoja ana kifaa chake cha kuongozea. Je, mmoja hujuaje mwenzake anafanya nini? Swali hili ni jepesi kulitamka, lakini mamia ya watu wamekufa kwa kukosa jibu lake, wakiwamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tulisoma hapa enzi ambazo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na kusafiri kwetu kulikuwa kwa garimoshi la Kaliua. Tangu 2012 Katavi ni mkoa, na ndege za Air Tanzania za aina ya Dash 8 Q400 zimekwisha kutua katika uwanja wetu wa Mpanda. Habari za ndege si hadithi za mbali tena. Pili, nimeambiwa kwamba wako vijana hapa wanaotamani urubani na uhandisi. Ni vema wajue mapema kwamba kazi hiyo inataka hesabu na fizikia, na inataka pia ulimi wa kusema kwa wakati wake.

BAWA LINAPOACHA KUBEBA

Tuanze na fizikia. Bila shaka wapo kati yetu waliowahi kutoa kiganja nje ya dirisha la garimoshi, ingawa walikatazwa. Ukikilaza kiganja, upepo unapita juu na chini yake. Ukiinua kidogo upande wa mbele, upepo unakipandisha. Ukizidi kuinua, unafika mahali ambapo hakipandi tena. Kinasukumwa nyuma na kutikisika. Bawa la ndege nalo ni hivyo hivyo. Hewa hulifuata bawa hadi pembe fulani, ambayo kwa mabawa mengi ni karibu digrii 15. Pembe ikizidi hapo, hewa iliyo juu ya bawa huachana nalo na kuvurugika, na bawa huacha kubeba. Marubani huiita hali hiyo stoli.

Tafadhali shikeni jambo hili, maana watu wengi hulikosea: stoli si kuzimika kwa injini. Ndege inaweza kuwa na injini mbili zinazonguruma kwa nguvu zote, pua imeelekea mbinguni, na bado ikawa inaanguka. Mwari anayetua katika Ziwa Chada, kule Hifadhi ya Katavi, huinua mabawa yake mpaka yaache kubeba, lakini hufanya hivyo akiwa amekwisha kufika juu ya maji. Ndege ya abiria ikifanya vile ikiwa juu, kuna shimo refu chini yake.

Dawa ya stoli inajulikana tangu zamani. Sukuma usukani mbele, pua ishuke, pembe ipungue, hewa ilishike tena bawa. Kisha weka mabawa sawa, ongeza nguvu za injini, na upande taratibu. Yaani ukubali kupoteza kimo ili upate kupona. Hapo ndipo penye ugumu. Mtu anayehisi anaanguka, mwili wake wote unamwambia avute usukani, apande. Ndiyo maana wajenzi wa ndege waliweka maonyo: kengele, honi, na katika ndege nyingi mota ndogo inayoutetemesha usukani mikononi mwa rubani, kana kwamba mtu anamtikisa aamke.

MSUMENO WA WATU WAWILI

Sasa tuje kwenye usukani wenyewe. Wazee waliopasua mbao za mninga katika misitu ya Mpanda walitumia msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo na mwingine yuko chini shimoni. Wa chini haoni sawasawa, kwa kuwa unga wa mbao unamwingia machoni. Lakini msumeno ni mmoja. Wa juu akiacha mstari, wa chini anaisikia habari hiyo mkononi kabla hajaambiwa neno.

Usukani wa ndege nyingi umejengwa kwa mtindo huo. Katika Dash 8, usukani wa kushoto na wa kulia umeunganishwa, na mmoja ukienda mbele mwingine unakwenda mbele. Hata Boeing 787, ambayo hupeleka amri za rubani kwa njia ya umeme, wajenzi wake walihakikisha kwamba sukani mbili zinakwenda pamoja. Rubani akivuta, mwenzake anaona usukani ukimjia kifuani.

Je, hiyo inatosha? Nawaomba tulitazame jambo lililowapata majirani zetu.

Usiku wa tarehe 30 Januari, 2000, ndege ya Kenya Airways, safari namba 431, iliruka kutoka Abidjan, Cote d'Ivoire, kuelekea Lagos na kisha Nairobi. Ilikuwa Airbus A310, aina ya kale yenye sukani mbili zilizounganishwa. Walikuwamo watu 179. Rubani msaidizi ndiye aliyekuwa akiirusha. Mara tu baada ya magurudumu kuacha ardhi, onyo la stoli lililia. Rubani msaidizi akafanya kama alivyofundishwa: akasukuma usukani mbele. Lakini onyo lile lilikuwa la uongo. Bawa lilikuwa linabeba vizuri. Ndege ikaanza kushuka. Mbele yao ilikuwa bahari na giza, hapana taa, hapana mstari wa upeo wa macho. Sauti ya mtambo ilikuwa ikitaja kimo kinachopungua, lakini onyo la kukaribia ardhi halikusikika, maana kwa mpangilio wa mitambo ile onyo la stoli lilikuwa na haki ya kulia kwanza. Muda usiotimia dakika moja tangu kuruka, ndege ilipiga maji. Walikufa watu 169, wakaokoka 10.

Ndugu zangu, marubani wale hawakuwa wanagenzi. Walikuwa na maelfu ya saa za kuruka. Sukani zao zilikuwa zimeunganishwa, hivyo mmoja aliposukuma, wa mwenzake nao ulikwenda mbele. Habari ilikuwapo. Lakini habari iliyo katika mkono si sawa na habari iliyosemwa na kusikiwa. Katika sekunde zile chache, honi ikiwapigia kelele masikioni, ilitakiwa mtu mmoja atamke kwa sauti: "Unashuka. Kimo kinakwisha." Agizo la kupandisha ndege lilipotoka, maji yalikuwa karibu mno.

Miaka 9 baadaye, tarehe 12 Februari, 2009, ikatokea kinyume chake huko Marekani, karibu na mji wa Buffalo, kwa ndege ya aina ile ile ya Dash 8 Q400 tuliyoizoea hapa. Ilikuwa ya shirika la Colgan Air. Walikuwa wanakaribia kutua, wakizungumza mambo yasiyohusu kazi, na mwendo ukawa unapungua bila wao kutambua. Usukani ukatetemeka. Safari hii onyo lilikuwa la kweli. Kapteni, badala ya kusukuma, akavuta. Ndege hiyo ina mtambo unaosukuma usukani mbele wenyewe mambo yakizidi. Kapteni akashindana nao, akazidi kuvuta. Rubani msaidizi, bila kuagizwa, akarudisha ndani flapu za mabawa zinazosaidia kubeba ndege iendapo polepole. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini.

Tazameni mifano hii miwili kwa pamoja. Abidjan onyo lilikuwa la uongo, rubani akasukuma. Buffalo onyo lilikuwa la kweli, rubani akavuta. Pande zote mbili sukani zilikuwa zimeunganishwa, na pande zote mbili mwenzake hakulitaja kosa kwa wakati.

VIJITI VISIVYOJUANA

Mnamo 1988 Airbus ilileta katika safari za abiria ndege ya A320, ambayo haina usukani wa zamani. Kila rubani ana kijiti kidogo pembeni, wa kushoto kwa mkono wa kushoto, wa kulia kwa mkono wa kulia. Kijiti kinapeleka amri kwa kompyuta, na kompyuta inaamuru mabawa na mkia. Mtindo huu una faida zake. Ni mwepesi, hauzibi saa na vipimo vilivyo mbele ya rubani, na katika hali ya kawaida kompyuta inakataa kabisa kuiacha ndege iingie katika stoli. Ndege za namna hiyo zinaruka kwa maelfu duniani kwa usalama. Air Tanzania yenyewe ilipokea A220-300 ya kwanza mwaka 2018, nayo ina vijiti vya pembeni, katika mwaka ule ule ilipopokea Boeing 787 yenye usukani. Kwa hiyo mimi siubezi mtindo huo.

Lakini vijiti vile viwili havikuunganishwa. Mmoja akivuta, kijiti cha mwenzake kinatulia kama hakuna lililotokea. Wote wakisogeza kwa wakati mmoja, kompyuta inajumlisha amri zao: huyu akivuta kiasi na yule akisukuma kiasi hicho hicho, jumla yake ni sifuri. Ipo taa na ipo sauti ya kuwaonya, na kipo kitufe cha kumwondolea mwenzako mamlaka. Hata hivyo msumeno umekatwa katikati. Kila mpasua mbao ana kipande chake.

Tarehe 1 Juni, 2009, ndege ya Air France, safari namba 447, aina ya Airbus A330, ilikuwa usiku juu ya Bahari ya Atlantiki kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Vibomba vya kupimia mwendo viliziba kwa barafu. Rubani wa mtambo akajitoa, akawaachia binadamu ndege, na ule ulinzi wa kompyuta dhidi ya stoli nao ukaondoka. Kapteni alikuwa amekwenda kupumzika. Rubani msaidizi wa kulia akavuta kijiti. Ndege iliyokuwa futi 35,000 ikapanda hadi karibu futi 38,000, mwendo ukaisha, bawa likaacha kubeba. Onyo la stoli likalia sekunde 54 mfululizo. Mwenzake wa kushoto hakuweza kuhisi kwamba kijiti cha kulia kinavutwa. Kuna wakati naye alishika uongozi, lakini wa kulia akauchukua tena bila kutamka. Kapteni aliporudi akakuta vipimo visivyoeleweka, na kijiti kile kidogo, gizani, hakikumwambia kitu. Karibu na mwisho ndipo aliyekuwa akivuta aliposema kwamba amekuwa akivuta kwa muda mrefu. Ulikuwa umebaki muda usiotimia dakika moja. Walikufa watu 228.

Lipo jambo jingine la kusikitisha. Mtambo wa onyo ulipangwa unyamaze mwendo unaopimwa ukiwa mdogo mno, kwa kudhani kwamba vipimo vimeharibika. Kwa hiyo rubani alipovuta sana, kelele ilinyamaza. Alipoachilia pua ishuke, yaani alipoanza kufanya lililo sawa, kelele ilirudi. Hebu fikirini mwalimu anayemchapa mtoto kila anapopata jibu sahihi.

Tarehe 28 Desemba, 2014, Airbus A320 ya Indonesia AirAsia ilianguka baharini ikitoka Surabaya kwenda Singapore, na watu 162 wakafa. Hapo nako rubani msaidizi alikuwa anavuta. Kapteni alitaka pua ishuke, akatoa amri kwa Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu ni "vuta chini", akairudia. Sasa niambieni: anayesikia "vuta chini" afanye nini? Kijiti kikivutwa, pua inakwenda juu. Neno la kwanza linamwambia avute, la pili linamwambia ashuke. Vijiti vyao havikuweza kusema kwa niaba yao, na maneno nayo yakapingana.

MKONO WA TATU

Siwezi kuliacha lile la Addis Ababa. Tarehe 10 Machi, 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliruka kuelekea Nairobi ikiwa na watu 157. Kipimo kimoja cha pembe ya bawa kilitoa habari ya uongo, kwamba ndege inakaribia stoli. Abidjan onyo la uongo lilimfanya binadamu asukume. Hapa onyo la uongo liliufanya mtambo wenyewe uelekeze pua chini, tena na tena. Marubani wale wawili walivuta sukani zao kwa pamoja, nguvu za mmoja zikiongezwa kwa za mwenzake, lakini mtambo uliwashinda. Ndege ilianguka takriban dakika 6 baada ya kuruka, na wote wakafa. Ndege za aina hiyo zilisimamishwa duniani kote, na kabla ya kurudishwa angani mtambo ulirekebishwa, usikilize vipimo viwili na ukatae kufanya kazi vikipingana. Siku hizi, basi, chumba cha rubani kina mikono mitatu: miwili ya watu na mmoja wa mashine. Ule wa tatu nao lazima ujulikane unafanya nini.

TUFANYE NINI?

Nina mambo matatu ya kuwaachia.

La kwanza ni la wahandisi. Mtambo usimfiche mtu kwa mwenzake. Ukiuondoa uzi uliokuwa ukipeleka habari kati ya watu wawili, ni wajibu wako kuweka kitu kingine mahali pake. Inawezekana. Ndege ndogo ya Gulfstream G500, iliyopata kibali Marekani mwaka 2018, ina vijiti vya pembeni vilivyounganishwa kwa umeme, kimoja kikisogea na cha pili kinasogea. Msumeno umeungwa tena, na wepesi wa kijiti umebaki. Vijana wetu wa sayansi, kazi za namna hii hazijaisha.

La pili ni la mafunzo. Zamani rubani aliyepimwa juu ya stoli alisifiwa kwa kupoteza kimo kidogo kadiri iwezekanavyo, na hiyo ilimfundisha kuogopa kushusha pua. Baada ya ajali za 2009 mkazo ulibadilishwa. Mwaka 2012 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba jambo la kwanza ni kupunguza pembe ya bawa, na kimo kije baadaye.

La tatu ni letu sote, nalo ndilo gumu. Marubani wana kanuni ya kupokezana. Anayepokea anasema, "Nimeshika." Anayetoa anajibu, "Umeshika." Baada ya hapo mmoja anarusha na mwingine anaangalia na kutaja anachokiona: mwendo, kimo, pua. Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini chombo chenye nahodha mmoja na baharia aliye bubu nacho huenda mrama vile vile.

Hapa naomba niseme bila kuficha. Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa. Malezi hayo ni mema, nami nimewalea wanangu hivyo. Lakini kijana akiona kipimo kinashuka akanyamaza kwa sababu mzee yuko kazini, hajamheshimu mzee. Amemwacha afe, na abiria pamoja naye. Ipo namna ya kusema kwa adabu na bado ukasikika: "Kapteni, mwendo unapungua." Maneno matatu. Asipojibu, unarudia. Asipojibu tena, unasema, "Nimeshika," na unashika. Na wewe mkubwa, ukiambiwa hivyo, usiulize kwanza huyu ni mtoto wa nani. Tazama kipimo.

Hili si la marubani peke yao. Muuguzi aliye pembeni ya daktari wakati wa upasuaji, utingo aliye pembeni ya dereva wa lori usiku katika barabara ya Sumbawanga, karani aliye pembeni ya mhasibu, wote wamekaa kiti cha pili. Shule hii imetoa watu wengi wa viti vya pili, na wengi wao baadaye wamehamia cha kwanza.

Vijana, someni hesabu na fizikia, maana bila hizo hamtajua onyo la kweli na la uongo. Na hapa hapa shuleni, mnapofanya majaribio katika maabara wawili wawili, anzeni zoezi hili: mmoja ashike chupa, mwingine asome kipimo kwa sauti, na msipeane chupa kimya kimya.